Ng'ombe Walionenepa Kwenye Kipande cha Njaa

Nawaona nyinyi mabwana mifugo wapya mnavyofika malishoni. Mnashuka kwenye pikipiki, mnapangusa vumbi, mnamtazama ng'ombe, mnamsifia, mnaandika, mnaondoka. Nani aliwafundisha kuanza na ng'ombe? Ng'ombe ni mwongo. Anaweza kunywa maji akavimba tumbo, ukadhani ameshiba. Tazameni chini, wajukuu zangu. Tazameni mavi yake. Yakiwa magumu, yamesimama tabaka juu ya tabaka, huyo anakula mabua na njaa anayo. Yakitandaa chini kama uji mzito, anakula jani changa na moyo wake umetulia. Yakimwagika kama chai, jani changa limemzidi, mwongezeeni makavu kidogo. Ndiyo kazi niliyoifanya mimi tangu ujana mpaka nikastaafu, ikanijengea nyumba hapa Kirumba, na mpaka leo wajukuu zangu wa damu wakiulizwa shuleni babu alifanya kazi gani, wanasema alikuwa serikalini, basi.

Mimi ni Mhaya. Mtu akikuambia Wahaya wanajisifu, mkubalie, lakini mwambie pia kwamba sababu tunazo. Nilivuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba kuja Mwanza kabla ya vita vya Hitla, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi na Kiingereza cha kujaza kikombe kimoja. Nikasikia kuna shamba la majaribio ya malisho upande wa Kisesa, wanatafuta mtu anayejua majani na anayeweza kusoma mizani. Mzungu aliyelisimamia, ambaye watu wote walimwita Bwana Majani, akaniuliza, "Wewe najua majani?" Nikamjibu, "Bwana, mimi nimezaliwa juu ya majani."

Sikumdanganya. Kwetu, wakati ule, majani yalitandikwa ndani ya nyumba, watu wakakaa juu yake, wakala juu yake, wakazaliwa juu yake. Jani zuri kwetu ni lile refu, lililonyooka, kavu kidogo, linalolala vizuri sakafuni na kunukia. Ng'ombe naye kazi yake ya kwanza ni kutoa samadi ya kuweka kwenye migomba. Maziwa ni nyongeza. Kwa elimu hiyo nikaajiriwa.

Siku ya kwanza Bwana akanituma nikamletee majani bora kuliko yote niliyoyaona shambani. Nikazunguka asubuhi nzima. Nikarudi na tita la kupendeza, marefu yananipita kimo, mashina yake yana rangi ya dhahabu, hata mama yangu angenisifu. Bwana akalipokea. Alichomoa konzi moja akampelekea ng'ombe aliyekuwa karibu. Ng'ombe akanusa, akainua kichwa, akanitazama mimi. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka mpaka anakaa chini.

Huyo alikuwa Masanja, mkuu wa wachungaji pale shambani, Msukuma wa rika langu kutoka kijiji cha jirani. "Waitu, Mhaya," akasema, akiigiza lafudhi yetu, "hilo ni la kuezekea. Unataka ng'ombe wale paa la nyumba?"

Kuanzia siku hiyo Masanja akawa mwalimu wangu, na ada aliyonitoza ni kunicheka kila siku. Alinifundisha kushika bua na kulikunja. Likikatika kwa mlio, hizo ni kuni. Likijikunja bila kukatika, hicho ni chakula. Alinifundisha kuchuma mche mmoja, kutenga majani upande huu na mashina upande huu, na kulinganisha marundo. Rundo la majani likiwa kubwa, leta ng'ombe. Rundo la mashina likiwa kubwa, umechelewa, ungelikuja wiki iliyopita. Bwana Majani alikuwa na jina lake la kitu kilichomo ndani ya jani changa, akikiita protini. Masanja alikiita nyama ya majani. Nadhani wote wawili walikuwa na maana ile ile, ila jina la Masanja ng'ombe wangelielewa.

Sasa niwaeleze shamba lenyewe, maana bila hilo hamtaelewa balaa lililotupata.

Ardhi ilikuwa imegawanywa kwa seng'enge katika vipande. Kipande kimoja kiliwekwa ng'ombe wachache, wakatembea humo kama matajiri. Kingine kiliwekwa ng'ombe wa kiasi. Kingine kikajazwa ng'ombe mpaka wakawa wanasukumana. Halafu vikawepo vipande vingine vya namna hiyo hiyo, ila hivyo vilinyunyiziwa mbolea, ile mnayoiita SA siku hizi. Bwana alitaka kujua mambo mawili: malisho yakiliwa sana au yakiliwa kidogo, ubora wa majani unakuwaje, na mbolea ikiongezwa, inabadilisha nini.

Mbolea ilikuja kwa treni hadi Mwanza, tukaenda kuichukua Nyamagana, kwenye ghala nyuma ya duka la Mhindi mmoja mpole aliyetuuzia pia misumari. Nyeupe, inameremeta, chembechembe. Nyinyi mnajua Msukuma na chumvi ya ng'ombe. Wazee wa huko walikuwa wakitembea nyikani hadi ziwa Eyasi kuifuata chumvi, na kijana asiyekwenda hakuhesabiwa mwanamume. Basi gunia moja likapasuka mlangoni pa ghala, na kabla hatujageuka, wapagazi, wapita njia na mzee mmoja aliyekuwa amekuja kununua jembe wote walikuwa wamechovya kidole na kuonja. Sitasahau zile nyuso. Yule mzee alitema mate, akafuta ulimi kwa shuka yake, akatutazama kwa huruma. "Wanangu," akasema, "mmeuziwa chumvi iliyooza." Kwa onyo: msiionje, na msiiache mahali ng'ombe anapoweza kuilamba, itamwua.

Lakini ardhini, jamani, kile kitu kilikuwa uchawi. Mvua ikinyesha juu yake, siku chache tu kipande kinakuwa kijani kizito karibu na weusi, wakati jirani yake kina rangi ya ndizi inayoanza kuiva. Ng'ombe wa upande usio na mbolea walikuwa wakisimama kutwa wamepenyeza shingo kwenye seng'enge, wanajikwaruza, hawajali. Masanja alisema hakushangaa. "Kwani kwenye mahame huoni?" Alikuwa na maana ya mahali palipokuwa na zizi la watu waliohama zamani. Majani ya hapo huwa ya kijani hata wakati wa kiangazi, kwa sababu ng'ombe wamekojoa na kunya hapo miaka na miaka. Hata malishoni utaona viduara vya kijani kila mahali ng'ombe alipokojoa jana na juzi. Mbolea ya gunia na mkojo wa ng'ombe ni ndugu, ila mmoja amepanda treni.

Na hapa nawaomba msikie vizuri, maana naona wengi mnakosea. Mkulima akishaweka mbolea, majani yakikua haraka, anafurahi, anayaacha yarefuke ili apate mengi. Kosa! Mbolea huharakisha kila kitu, hata uzee. Jani lililolishwa mbolea linakimbilia kutoa shina na ua, na likishatoa ua, ile nyama yake imeondoka. Samaki mkunje angali mbichi, na jani nalo liliwe lingali laini. Ukiwa huna ng'ombe wa kuyala kwa wakati, weka gunia lako stoo. Tena usipige mbolea ardhi kavu ukitegemea mawingu, kwa sababu mawingu ya Mwanza yana tabia ya kupita juu yako kwenda kunyesha Ukerewe.

Kile kipande kilichojazwa ng'ombe bila mbolea, sisi wafanyakazi tulikiita Kipande cha Njaa. Majani yake yalinyolewa mpaka udongo ukaonekana. Kila jani likichungulia, linaliwa. Ng'ombe wa humo walikuwa wakitafuta kutwa nzima bila kupumzika, na ng'ombe asiyelala akacheua hana faida. Wanawake wa kijijini wakipita kwenda kisimani walitusema. "Hawa ng'ombe wamewakosea nini?" wakauliza. Tukawajibu kwamba ni utafiti. Wakasema basi huo utafiti una roho mbaya.

Ng'ombe wa shamba hawakutosha kujaza vipande vyote. Ndipo Bwana Majani akawaomba wanakijiji wamwazime wa kwao mpaka mwisho wa mvua, akiahidi kuwarudisha wote salama. Watu walinung'unika, wakatoa wachache, na wa kwanza kujitolea akawa Masanja. Alileta ng'ombe wake wote, mitamba wazuri aliowakusanya kwa taabu tangu ujana wake, mmoja mmoja. Nilimshangaa. Akanivuta pembeni.

"Mhaya, nataka kuoa," akasema.

"Hongera. Na kuoa kunahusikaje na ng'ombe wa majaribio?"

"Hao ndio mahari. Mvua zikiisha watakuja kukaguliwa. Wakiingia kwenye kipande chenye mbolea, watang'aa. Mzee Luhende atakosa la kusema."

Mzee Luhende alikuwa baba mkubwa wa mchumba, ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki, na hakuna mtu upande ule wa Kisesa aliyemshinda kwa kukagua ng'ombe wa mahari. Alikuwa na kawaida ya kuanzia mkiani. Alikwisha kutangaza kwamba ng'ombe ambaye mbavu zake zinaonekana atamrudisha, na kwamba kuna tajiri mmoja wa Magu, mtu mzima mwenye wake tayari, anayeweza kutoa ng'ombe wanono leo leo. Mchumba mwenyewe aliitwa Kabula. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akipita na wenzake wakienda kisimani, binti mwembamba, mwepesi wa kucheka, tena mwenye macho ya kukupima. Masanja akitaja jina lake alikuwa akisahau alichotaka kusema.

Bwana Majani hakutaka kuchagua mwenyewe ng'ombe gani waende wapi, akisema mtu akichagua atapendelea. Akatuambia tupige kura. Tulikunja vikaratasi tukavitia kwenye kofia yake. Masanja akatia mkono, akafumba macho, akasema maneno fulani ya Kisukuma kwa mababu zake. Kikaratasi kikafunguliwa. Kipande cha Njaa.

"Masanja, wewe iko bahati mbaya," Bwana akasema, na kweli alimsikitikia, lakini kura ni kura. Masanja aliomba arudishiwe ng'ombe. Akaambiwa ameshatoa neno mbele ya watu, na akiwaondoa wake, kila mtu ataondoa wake, na shamba litafungwa pamoja na kazi zetu sote. Siku hiyo jioni hakula. Mimi niliyezoea kuchekwa naye nikamtafuta anicheke kidogo, hakuweza.

Wiki za kwanza zilikwenda kama tulivyotegemea. Ng'ombe wa Kipande cha Njaa wakaanza kupungua. Nundu zikalegea, manyoya yakasimama. Masanja akawa anazunguka njia ndefu ili asiwapitie. Halafu mambo yakageuka. Sijui niseme ilianza siku gani, lakini nilipokuwa napita na kazi yangu ile ya heshima ya kutazama chini, niliona kwamba katika Kipande cha Njaa mavi yamelainika. Yametandaa. Yana rangi ya kijani safi. Nikainua macho kuwatazama wenyewe. Nundu zimesimama tena, ngozi inameremeta, na ile mitamba ya Masanja imenenepa kupita ng'ombe wenzao humo ndani.

Nikamwita Bwana. Bwana akaja, akatazama juu, akatazama chini, akavua kofia. Tukapima majani ya kipande kile. Yalikuwa haba, ya kufunika kidole. Tukawapima ng'ombe. Wamezidi. Bwana akakaa juu ya jiwe akafikiri, na mimi nikakaa jiwe la pili nikafikiri pamoja naye, maana msomi hawezi kumwacha msomi mwenzake afikiri peke yake.

Siku ya tatu yake akanijia mbio. Amepata! Majani yanayoliwa kila siku, akasema, hayapati nafasi ya kuzeeka. Kila jani ni changa. Kila jani changa lina protini. Kwa hiyo ng'ombe wa Kipande cha Njaa wanakula kidogo lakini wanakula asali. Nikampongeza. Niliona fikra hiyo ni nzuri kiasi kwamba na mimi nilikuwa karibu kuifikia.

Vijana, fikra ile ilikuwa kweli nusu, na kweli nusu ndiyo inayoua. Ni kweli kwamba jani linaloliwa mara kwa mara ni changa na lina nguvu. Tonge moja la jani changa linashinda matonge kadhaa ya mabua. Lakini tonge moja halishibishi! Na mizizi je? Jani ndilo linalopeleka chakula kwenye mzizi. Ukilikata kila linapochungulia, mzizi unakonda chini kwa chini bila wewe kuona, halafu mwaka unaofuata majani mazuri yanatoweka, magugu yanaingia, mvua inabeba udongo hadi ziwani. Nami nililiona hilo baadaye kwenye kipande kile kile, udongo ukabaki mtupu mpaka tukakifunga kabisa, kama Wasukuma wanavyofunga ngitili, yale malisho wanayoyatunzia kiangazi. Malisho mazuri yako katikati: yaliwe yakiwa laini, kisha yaachwe yapumue. Wingi na ubora ni mapacha wanaogombana. Kazi yenu ni kuwasuluhisha.

Lakini siku ile hakuna aliyewaza mizizi. Masanja alirudi kula, akaanza tena kunicheka, akawa anapitia Kipande cha Njaa kwa makusudi kila asubuhi na kuwashukuru mababu. Mvua zilikuwa zinakwisha. Mzee Luhende ametuma neno kwamba anakuja. Ndipo Bwana Majani akatuita, uso unamng'aa, akasema kwamba ng'ombe hawa ni wa ajabu na lazima awapime msimu mmoja zaidi.

"Hii ng'ombe hapana toka," akasema, akimpiga Masanja begani kama anayempa zawadi.

Masanja akanitazama mimi, kama vile Kiingereza changu cha kikombe kimoja kingeweza kumwokoa. Nilijaribu. Nilimweleza Bwana kuhusu mahari. Akasema harusi inaweza kungoja, sayansi haiwezi. Nikamweleza kwamba tajiri wa Magu hawezi kungoja pia. Akasema atamwandikia Masanja cheti cha sifa. Nikatafsiri hilo la cheti kwa sauti ya chini sana.

Mzee Luhende alifika na wazee wenzake asubuhi yenye ukungu, na kwa kuwa ng'ombe walikuwa shambani, ukaguzi ukafanyika shambani. "Mwangaluka," akatusalimia, na sisi tukamwinamia. Akaingia Kipande cha Njaa, akaanzia mkiani kama kawaida yake. Akainua mikia, akapiga mbavu kwa kiganja, akasikiliza, akafungua midomo, akanusa. Mkaguzi wa mahari hasifu. Hiyo ndiyo desturi, na akisifu amewauza ndugu zake. Basi akaanza kutafuta makosa, kwa Kisukuma ambacho Masanja alikuwa ameshanifundisha, na kila kosa lilikuwa na maana ya ng'ombe wa kuongeza.

"Huyu pembe moja inatazama Magu, nyingine inatazama Mwanza," akasema. "Huyu anakanyaga kama anaogopa kuamsha mtu. Na huyu Madoa, jicho lake lina dharau."

Masanja alikuwa anatokwa jasho. Wazee walijua, na mimi nilijua, kwamba ng'ombe walikuwa wazuri. Maneno yale yalikuwa ya kupandisha bei tu. Lakini Masanja hakuwa na ng'ombe wengine wa kuongeza, na Mzee alikuwa anaendelea kuhesabu. Wakati huo huo Bwana Majani akasogea, akataka nimwambie mgeni kwamba, kwa heshima zote, hakuna ng'ombe anayetoka.

Nilitafsiri. Mzee Luhende akaacha kuhesabu makosa. Akageuka polepole kumtazama Masanja.

"Kumbe ng'ombe ni wa serikali? Umetuita tukague ng'ombe wa serikali?"

"Ni wangu, Mzee, naapa ni wangu."

"Wa kwako hutoka ukiwaambia watoke." Akaokota fimbo yake. "Twendeni. Wa Magu wanatoka."

Wazee wakaanza kuondoka. Masanja alibaki amesimama katikati ya ng'ombe wake, mikono inaning'inia, na nawaambieni kweli, nilimpenda yule mtu kuliko ndugu zangu wengine.

Hapo ndipo wanawake walipopita njiani na mitungi yao kutoka kisimani. Kabula alikuwamo, lakini mwali hatakiwi kuonekana mahali wanapopatana mahari yake, kwa hiyo alikuwa amejificha katikati ya wenzake, kaniki imemfunika mpaka usoni, haongei, hatazami. Nisingemjua. Masanja mwenyewe hakumjua.

Madoa akamjua. Aliinua kichwa, akatanua pua, akalia kilio kirefu cha furaha. Wenzake wakageuka. Kufumba na kufumbua ile mitamba yote ya Masanja ilikuwa inakimbia kuelekea seng'enge, mikia juu, wakampita Mzee Luhende pande zote mbili, nusura wamwangushe. Wakajipanga uzioni, wamepenyeza shingo, wanalia. Madoa akanyoosha ulimi, akaikamata ile kaniki, akaivuta. Uso wa Kabula ukabaki wazi mbele ya kila mtu.

Wanawake wenzake waliangua kicheko cha watu waliokuwa wamekizuia msimu mzima. Ndipo nilipofahamu. Kila mwanamke kuanzia hapo mpaka Kisesa alikuwa anajua. Wasiojua walikuwa ni Mzee Luhende, na Masanja aliyekuwa amepofuka kwa huzuni, na watu wawili wengine, mimi na Bwana Majani, ambao ndio tuliolipwa kuangalia.

Mzee Luhende alirudi polepole mpaka uzioni. "Kabula. Ng'ombe hawa wamekujulia wapi?"

Kabula akatua mtungi. Sauti ilimtetemeka mwanzoni. "Nawalisha, Baba. Kabla ya mapambazuko, mlinzi akishaondoka."

"Unawalisha nini?"

"Majani ya mahame ya babu, pale palipokuwa zizi. Nayakata kabla hayajatoa ua."

"Na huyu anajua?" Akamnyooshea Masanja fimbo. Hakukuwa na haja ya kumjibu. Masanja alikuwa ameachama, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu, hana habari nayo.

Mzee akamtazama binti, akawatazama ng'ombe, akawatazama wazee wenzake waliokuwa wanakohoa ili wasicheke. "Mimi nimesimama hapa nadai ng'ombe wa kuongeza," akasema, "na wewe unawanenepesha wa mwenye kudaiwa! Sasa sisi tumekuja kupatana nini? Na nikiwakataa hawa?"

Sauti ya Kabula haikutetemeka tena. "Ukiwakataa, Baba, nitaendelea kuwalisha. Utakuja msimu ujao kuwakagua, utawakuta wanono. Ukiwakataa tena, nitawalisha tena. Mundu ninao, na nguvu ninazo. Wewe ndiye utakayechoka kutembea."

Bwana Majani alikuwa amesimama kando yangu. Alikuwa ameona ng'ombe wake wa ajabu wanamlamba yule binti mikono, ameelewa kila kitu bila kuelewa neno hata moja. Fikra yake ya jani la asali ilikuwa imekwenda na maji, na msimu mzima wa vipimo nao. Nikasubiri akasirike.

Mzee Luhende alianza kutikisika mabega. Kicheko kilimtoka polepole, kisha chote kwa pamoja, akaegemea mti wa uzio.

"Fungueni lango," akasema kwa Kisukuma.

Nikafungua mdomo nitafsiri, lakini Bwana hakunisubiri. Alikuwa ameshakwenda kulifungua mwenyewe.